Kiatu Ndani ya Duara

Mtu yeyote asiingie ndani ya duara. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Mama Milimita, na aliisimamia miaka kumi na tisa bila kumwonea mtu haya. Duara lenyewe lilikuwa la chokaa, limechorwa chini ya daraja kuizunguka stendi ya chuma yenye miguu mitatu, hatua tatu kila upande. Juu ya stendi palifungwa kipimo ambacho mafundi walikiita saa, kwa kuwa kina uso wa kioo na mshale kama saa ya ukutani. Ncha ya saa iligusa tumbo la daraja. Lori likisimama juu, daraja linabonyea kidogo, ncha inasukumwa, mshale unazunguka, na mtu aliye nje ya duara anasoma kwa darubini ndogo daraja limeshuka milimita ngapi.

"Stendi haimjui bosi wala kibarua," alikuwa akiwaambia wafanyakazi wapya. "Ukikanyaga karibu nayo, udongo unadidimia na stendi inadidimia nao. Hapo saa inasema uongo, na uongo huo unaandikwa kwa kalamu yangu. Toka!"

Siku moja alimtoa humo mgeni wa heshima aliyevaa suti, aliyetaka kupigwa picha ameshika stendi. Mgeni alitoka mbio hata kofia ikamdondoka, na kofia ikabaki ndani ya duara saa nzima mpaka jaribio likaisha, maana wa kuiokota naye hakuruhusiwa. Watu walicheka mwaka mzima. Mama Milimita hakucheka.

Tunavuka madaraja kila siku, tunabishana kuhusu mpira, tunamenya machungwa, hatuna habari na kilicho chini yetu. Anayejenga daraja huandikwa jina lake kwenye bamba la shaba. Anayekuja miaka arobaini baadaye kuuliza kama bado lina nguvu, akachuchumaa kwenye tope akiutazama mshale, huyo hana bamba. Ndiyo maana naona si haki habari za mama huyu ziishie kwenye jalada la ofisi.

Alianza kazi akiwa mbeba vigingi. Akajifunza kugundisha vijiti vya kupimia mvutano wa zege, kusoma vipimajoto, kupima malori kwenye mizani kabla hayajapanda darajani, na hatimaye kusoma saa. Katika kitengo kile stendi ya katikati, inayopima boriti inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote, ilikuwa yake. Hakuna aliyeiomba, na yeye hakumpa mtu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na miwani minene, mwenye kibanda cha kushonea kilichopakana na chumba chao cha kulala. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba mkewe haoni vizuri.

"Mke wangu, jana umemsalimia mti."

"Nilidhani ni jirani."

"Jirani ana majani?"

Mwanamke alijifanya kukunja nguo. Mume akavua miwani yake akampa. Alipoivaa, kibanda chote kikawa kama kimemwagiwa maji.

"Hii yako ni ya karibu. Inaniharibia," akasema, akairudisha.

"Basi nenda kwa daktari akupe ya mbali. Mimi kutunga uzi tu navaa miwani, wewe unapima daraja zima kwa macho matupu na kiburi."

"Si kiburi."

"Ni nini?"

Alijua ni nini. Kwa sheria ya idara, msomaji wa vipimo anayeshindwa kipimo cha macho huondolewa kwenye usomaji mpaka bodi iamue vinginevyo, na bodi ile iliamua mambo kwa mwendo wa konokono. Mkuu wa kitengo alikuwa anastaafu. Barua ya kumpandisha Mama Milimita ilikuwa imekwisha kuchapwa, ikingoja sahihi baada ya kazi moja tu iliyobaki, ya daraja la mto. Mwezi mmoja, alijiambia. Nikishika cheo nitakwenda kwa daktari kwa miguu yangu.

Nimewaona watu wengi waadilifu wakianguka, na karibu wote walianza kwa kujiombea mwezi mmoja.

Daraja la mto liliunganisha mji na ng'ambo, ambako kulikuwa na kinu cha nafaka na hospitali kubwa. Miezi minane nyuma ulionekana ufa kwenye boriti ya katikati, magari mazito yakazuiwa, na malori yakawa yanazunguka nusu siku kufika mahali panapoonekana kwa macho. Mji mzima ulitaka daraja lifunguliwe. Mhandisi aliyekabidhiwa jaribio alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, mpole, msomi, na kila alikopita aliulizwa, "Lini?" Alikuwa amepiga hesabu zake: malori manne yaliyojaa kokoto yakisimama katikati, boriti isishuke zaidi ya milimita nane. Ikipita nane, daraja halifunguliwi.

Siku ya jaribio kulikuwa na mawingu mazito tangu asubuhi. Hali hiyo ilipendwa, kwa kuwa jua likipasha sakafu ya juu, daraja zima hujikunja na kuvuruga vipimo. Mto ulikuwa umepungua, stendi tatu zikasimamishwa kwenye mchanga mkavu wa kitandani mwake. Mama Milimita aliirudisha saa yake sifuri kwa mkono, akaitazama kwa karibu, akatoka kinyumenyume na kuchora duara. Msaidizi wake, mwanamume mkimya waliyemwita Ndevu, alichukua stendi ya kushoto. Fundi mwingine akachukua ya kulia.

Juu, madereva waliyaleta malori moja moja. La kwanza liliendeshwa na mzee mnene aliyeitwa Kobe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikanyaga mafuta mpaka mwisho. Katika kazi hii Kobe alikuwa dhahabu. Alitambaa hadi tairi likakaa juu ya alama ya rangi, sawasawa, bila kupitiliza hata kidole. Malori yote manne yalipokaa, injini zikazimwa na madereva wakashuka, wakaondoka darajani, maana hata mtu mmoja anayetembeatembea juu hatakiwi. Mhandisi akapuliza filimbi.

Mama Milimita akainua darubini.

Aliona uso wa saa. Aliona weupe wake. Mshale aliuona kama nywele iliyolowa, mara mmoja, mara miwili. Akafuta kioo cha darubini kwa ncha ya kitenge. Akaangalia tena. Ndevu aliita kutoka kushoto, "Sita nukta nane!" Kulia nako wakaita, "Sita nukta tisa!" Mhandisi akainama mwanzoni mwa daraja, mahali asipoweza kuona chini.

"Katikati?"

"Subiri, mwanangu."

"Mama, katikati?"

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na tisa. Alitupa jicho kushoto, akatupa kulia, akaona kila mtu anatazama saa yake. Akapiga hatua tatu ndefu, mguu wa kulia ukatua karibu na mguu wa stendi, akausogeza uso wake hadi kwenye kioo na kuusoma mshale. Akarudi nje.

"Saba nukta moja!"

Juu watu walipiga makofi. Saba nukta moja ilikuwa chini ya nane kwa nafasi ya kutosha. Mtu wa kinu cha nafaka, aliyekuja kutazama, alimkumbatia mhandisi. Mama Milimita aliiandika ile namba kwenye daftari, na kama kawaida yake akaiandika kubwa na iliyonyooka.

Malori yaliondolewa. Daraja zima likinyanyuka baada ya mzigo, mshale unatakiwa kurudi karibu na sifuri, ukibakiza kidogo sana. Usomaji huo wa mwisho kitengo kilitaka usomwe na watu wawili, na wa pili kwenye stendi ya katikati alikuwa Ndevu. Alikuja na darubini yake, akasimama nje ya chokaa, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

"Mama, saa yako imepitiliza sifuri. Imerudi nyuma."

"Kiasi gani?"

"Moja nukta tatu."

Maana yake ni kwamba daraja, baada ya kubebeshwa tani mia moja na kupumzishwa, lilikuwa juu zaidi ya lilivyokuwa kabla ya kuguswa. Mhandisi alishuka mbio, akasikiliza, akakuna kidevu. Uso wake haukuwa na wasiwasi.

"Ni joto, mama. Sakafu ya juu ikipata moto, daraja linajikunja kwenda juu. Andika 'athari ya jua', tutaeleza kwenye ripoti."

"Jua lipi? Tangu asubuhi sijaona hata kivuli changu."

"Labda nyuma ya mawingu."

Mama Milimita alifungua ukurasa wa vipimajoto. Juu na chini ya boriti, kila nusu saa, tofauti haikufika nyuzi moja. Jua lisingeweza kuliinua daraja hata kwa unene wa karatasi. Mhandisi aliona naye, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayejaribu kujiridhisha, "Lakini saba nukta moja tuliipata. Hiyo ndiyo wanayoitaka."

Mama Milimita alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa anatazama mchanga. Kutoka nje ya duara, hata kwa macho yake, ilionekana: alama moja ya kiatu, ndogo, pana kisiginoni, imeingia ndani kuliko nyingine kwa sababu pale chini ya mchanga mkavu kulikuwa na mchanga mbichi. Mguu wa stendi ulio jirani ulikuwa umeinamia huko. Katika kundi zima hakuna aliyevaa kiatu kidogo namna ile isipokuwa yeye.

Kichwa chake kilizoea hesabu za namna hiyo, kikaimaliza kabla moyo haujakubali. Stendi ilididimia alipokanyaga, pamoja na saa yake. Daraja lilikuwa limeshuka, na saa nayo imelifuata chini, kwa hiyo ikahesabu kidogo. Saba nukta moja haikuwa ya daraja. Ilikuwa ya daraja ukitoa kiatu.

Ndevu alikuwa ameiona alama. Alisimama akiyashika mandevu yake, hakusema lolote, na wala hakumtazama usoni. Mama Milimita angeweza kuufukia mchanga ule kwa mguu akaiweka stendi sawa, na mtu yeyote asingejua mpaka leo. Mhandisi alikuwa tayari na maelezo yake ya jua. Barua ilikuwa ofisini.

"Baba," alimwita mhandisi, ingawa alimzidi umri. "Usisaini."

"Unasemaje?"

"Nimekanyaga. Ndani. Kwa mguu huu."

"Kwa nini, mama? Wewe?"

"Sikuona."

"Hukuona duara?"

"Duara nililiona. Mshale sikuuona. Macho yangu yameharibika, miezi sasa. Nimewaficha."

Kijana yule alibadilika rangi. Alianza kwa hasira, na alikuwa na haki: nani atakayewaeleza watu wa kinu, nani atakayeyarudisha malori, kwa nini mtu aliyeaminiwa kuliko wote. Mama Milimita aliyasikiliza yote bila kujitetea. Aliposema, alisema jambo moja tu.

"Ile namba haipo. Ifute. La, usiifute, ipige mstari mmoja isomeke, uandike pembeni kwamba ni mimi."

Habari zilipanda juu kabla yao. Madereva walikuwa hapo tangu alfajiri, na waliahidiwa kuondoka adhuhuri.

"Yaani siku nzima imepotea kwa kiatu cha mwanamke mmoja?" alipayuka kijana wa lori la tatu.

"Kiatu cha mwanamke kimesema kweli," Kobe akajibu, amekaa kwenye ngazi ya lori lake akila karanga. "Chako kikisema sijui tutasikia nini."

Wengine wakaangua kicheko. Kijana hakukubali.

"Mzee, wewe utarudi kesho bure?"

"Nani alikuwa katikati ya daraja leo na tani ishirini na tano mgongoni? Na likifunguliwa, nani atapita wa kwanza? Hiyo namba ni yangu mimi, wala si ya mhandisi. Mama, asubuhi saa kumi na mbili na nusu nipo. Na hawa nitawaleta, hata kwa masikio."

Mama Milimita aliitikia kwa kichwa. Kobe akamwongezea, kwa sauti ya chini, "Wiki iliyopita ulinipungia mkono ukaniita kwa jina la dereva wa basi. Nikajua. Ningepaswa kukuambia mapema, dada yangu. Nisamehe."

Alifika nyumbani jioni. Mume alikuwa anapiga cherehani kwenye sare za shule, akasimamisha kanyagio alipomwona, maana habari zilikuwa zimemtangulia.

"Umejichongea?"

"Nimejichongea."

Akamsimulia. Mume alisikiliza mpaka mwisho, jambo la ajabu kwake, kisha akaanza kucheka polepole.

"Mwezi mzima unatia chumvi mara mbili kwenye mboga kwa mawazo, nami nameza, nikidhani ni mapenzi yamezidi."

"Kwa nini hukusema?"

"Mtu anayemtoa mgeni wa suti duarani, mimi ni nani?" Akavuta kiti, akamwekea. "Kaa. Keshokutwa tunakwenda kwa daktari, nami nitakushika mkono njia nzima usije ukasalimia miti."

Alikaa, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia. Baadaye alisema kwamba hakuwa analia kwa cheo. Alilia kwa sababu siku moja ilikuwa imempa watu watatu ambao hakujua kwamba anao: mume aliyemeza chumvi, Ndevu aliyemwachia aseme mwenyewe, na mzee wa karanga aliyekubali kurudi.

Asubuhi Kobe alikuwepo, na lori la tatu lilikuwa nyuma yake. Safari hii mabomba ya chuma yaligongwa kwenye mchanga kwa nyundo kubwa mpaka yakagoma, stendi zikafungwa juu yake. Saa ya pili iliwekwa ikigusa nguzo ya pembeni isiyobeba mzigo, ili stendi ikisogea ijulikane. Wazo hilo lilikuwa la Mama Milimita, nalo limeendelea kutumika katika kitengo kile. Ndevu alisoma katikati. Mama Milimita alikaa mbali, juu ya jiwe, na daftari pajani.

"Katikati?"

"Nane nukta saba," Ndevu akaita.

Walitoa mzigo, wakaurudisha, wakapima tena. Nane nukta sita. Mzigo ulipoondolewa mara ya mwisho, mshale ulirudi ukabakiza sifuri nukta tatu. Saa ya nguzo ya pembeni haikutikisika. Mhandisi alikaa chini karibu na jiwe la Mama Milimita.

"Ningesaini, mama. Jana. Nilikuwa na kalamu mkononi."

"Najua. Niliiona kalamu. Vitu vikubwa naviona."

Mhandisi akacheka bila kutaka, kisha akamshika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anavyomshika mama yake mzazi hospitalini.

Boriti ya katikati ilipochimbuliwa, nyaya za chuma ndani yake zilikutwa zimeliwa na kutu karibu nusu. Malori yaliendelea kuzunguka miezi kumi na minne mingine wakati daraja likitiwa nguvu, na kinu cha nafaka hakikumtumia mtu salamu. Hakuna aliyeumia juu ya daraja lile, na kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakuna aliyejua kuna cha kushukuru. Mimi nashukuru. Mama yangu mzazi alikuwa akipelekwa hospitali ya ng'ambo kila Jumatatu.

Yeye mwenyewe ukimuuliza hujibu kwa namna isiyopendwa na wanaotaka mashujaa. Sasa ana miwani, yuko stoo ya vifaa, anazihakiki saa zote kabla hazijatoka kwenda kazini, na anazirudisha zenye kasoro kwa ukali ule ule.

"Namshukuru Mungu ile saa ilirudi nyuma," husema. "Ingesimama kwenye sifuri, ningenyamaza. Ningekuwa mkuu leo, na daraja lingekuwa wazi. Msinisifu sana."

Sikubaliani naye kabisa, lakini nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa kuwa ndivyo angetaka yaandikwe.

Kiatu kile na kusema kweli yake vilimgharimu cheo cha mkuu wa kitengo, ambacho alipewa Ndevu, na pia kazi ya kusoma saa chini ya madaraja, ambayo bodi haikumrudishia.